Chuma Hiki Hakitoki

Baba mkwe alipoona macho yameanza kumsaliti, aliniita akanikabidhi funguo za Benzi lake. 230E ya mwaka 1989, lile umbo ambalo mafundi hulitaja kwa namba tu, W124. Alinipa kwa mikono miwili, akasema, "Mtunze, mwanangu." Angesema "litunze" ningeelewa. Alisema "mtunze", na mpaka leo sijui kama alikusudia gari au binti yake.

Kwa miezi minane nilimtunza chini ya mwembe, hapa kwetu Ngamiani, Tanga. Petroli ya gari lile si ya mtu wa mshahara wangu. Nililipiga maji kila Jumapili, nikaliwasha, nikalisikiliza, nikalizima. Kuku mmoja alianza kutagia chini yake, naye nikamheshimu.

Mke wangu ndiye aliyevunja amani. Ana biashara ya kukodisha viti vya shughuli, viti 150 vya plastiki na turubai moja, na kila wiki faida yake inaliwa na kirikuu cha kubebea. Siku moja akarudi na habari kwamba Pongwe kuna mtu anauza tela la ekseli moja kwa bei ya kutupa.

"Tela litavutwa na nini?" nikauliza, ingawa macho yake yalikuwa tayari kwenye mwembe.

"Mke wangu, lile ni Benzi."

"Ujerumani magari hayohayo yalikuwa teksi, baba watoto. Wenyewe wamelifanya teksi, sisi tukilifanya punda tumekosa nini?"

Sikuwa na jibu. Sijalipata hadi leo.

Fundi wa kuchomelea alilizunguka gari mara mbili, akalala chali chini ya buti, akatoka na sura ya daktari. Akasema chuma halisi cha kuvutia tela kwa gari hili hakipatikani Tanga, na kukiagiza nje ni hela ya kununulia ng'ombe. Ila yeye anacho cha pikapu ya zamani. Atakikata, atakichomelea masikio mawili, atatoboa bati la nyuma pale bampa linapofungwa, atapiga bolti nne.

"Kitashika?"

Akanitazama kama nimemtukania mama. "Bosi, chuma hiki hakitoki. Labda litoke gari."

Yale maneno niliyacheka. Nilimpa na hela ya soda.

Upande wa taa alimwachia mpwa wake, kijana mwenye tochi kichwani na neno moja tu maishani: rangi kwa rangi. Na kweli nyaya zina rangi. Tatizo ni kwamba kwenye Benzi waya wa kahawia ndio wa ethi, yaani wa kurudishia umeme, wakati kwenye plagi ya tela yenye pini saba ethi ni mweupe, na huo wa kahawia ni wa taa ya nyuma ya kulia. Kijana hakuwa na habari za ugomvi huo. Akakutanisha kahawia na kahawia. Ule mweupe akautafutia ndugu, akamkosa, akakuta mmoja mweusi wenye mstari mweupe. Akaona huyu ni binamu, akawafunga pamoja kwa soltepu. Huyo binamu ni waya wa indiketa ya kushoto.

Matokeo yake nikiwasha indiketa ya kushoto, tela linakonyeza kwa taa ya kulia. Nikikanyaga breki, mshale wa kushoto kwenye dashibodi unawaka kinyonge, kama mtu anayenyoosha kidole darasani akiomba asichaguliwe. Kijana akasema zitazoea.

Kazi ya kwanza ilikuwa harusi Muheza. Tuliondoka alfajiri ili viti viwe vimepangwa kabla jua halijakolea. Mimi, kwa akili yangu, nilirundika viti na vyuma vya turubai mbele kabisa ya tela ili visidondoke. Benzi likakaa matako kama mbwa anayesubiri mfupa, pua ikatazama juu. Niliwasha taa kubwa, barabara sikuiona. Niliona minazi. Nilimulika vichwa vya minazi kutoka Ngamiani hadi nje ya mji, naapa kama kungekuwa na mwizi wa nazi angeshuka mwenyewe na kuomba msamaha.

"Simamisha," mke wangu akasema. "Tuvirudishe nyuma."

Tukavirudisha nyuma vyote. Hapo tela likainua shingo, na shingo ikainua makalio ya Benzi. Nikumbushe kwamba gari hili linasukumwa na matairi ya nyuma. Tulipotaka kutoka kwenye mchanga wa pembeni, matairi yalizunguka bure, yakarusha mchanga, nasi tukabaki palepale huku spidomita ikisema tumeshaondoka. Mke wangu ikabidi akakae ndani ya buti, kifuniko kikiwa wazi, amejifunga kanga mbili na kushika mwavuli. Ndivyo tulivyorudi kwenye lami. Alikuwa uzito wa kutosha, na neno hilo nililitamka kwa sauti. Hilo nalo ni kosa langu, lina kesi yake.

Mbele kidogo ya Pongwe trafiki akatupiga mkono. Kwa adabu nikawasha indiketa ya kushoto ili niegeshe. Tela likakonyeza kulia. Afande akaruka upande mmoja, akarudi upande wa pili, mwisho akasimama akiwa ameshika kofia.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Muheza, afande."

"Hapana. Nauliza unakata wapi?"

Nikamweleza habari ya kahawia na kahawia. Alisikiliza yote. Akaangalia Benzi, akaangalia viti, akamwona mke wangu anavyotoka ndani ya buti na mwavuli wake, akasema niendeshe polepole na nitoe mkono dirishani kila ninapokata. Nadhani aliona tumeshaadhibiwa.

Tulifika Muheza salama, jambo ambalo lilinipa kiburi. Nyumba ya harusi ilikuwa ng'ambo ya mtaro mdogo, wanawake wameshajaa uani, na Benzi lilipotokea vigelegele vikapanda. Nikanyoosha mgongo. Nikateremka kwenye mtaro, nikakanyaga mafuta kwa madaha kidogo ili nipande upande wa pili.

Kraaa!

Ghafla gari likawa jepesi. Likapanda mtaro kama kijana wa miaka ishirini, nikasema moyoni, alhamdulillahi, mzee amezoea kazi. Nikazunguka uani, nikaegesha mbele ya mama wa bwana harusi, nikateremka nikifuta jasho. Hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa wanatazama mtaroni.

Tela lilikuwa limesimama kulekule na viti vyake vyote. Chuma kilikuwa kimeshika tela barabara. Bolti zote nne zilikuwa mahali pake. Zilikuwa zimeshika pia bampa, namba ya gari na kipande cha bati la nyuma chenye ukubwa wa sinia la pilau, ambacho upande wa ndani kilikuwa kutu tupu. Nyuma ya Benzi palibaki tundu. Kupitia tundu lile niliona kikapu cha chakula na kanga moja ya mke wangu.

"Mjomba," mtoto mmoja akaniita, "gari lako lenye namba ni lipi?"

Kumbe, kama nilivyoelezwa baadaye na fundi mmoja mtu mzima wa Muheza, chuma cha namna ile hufungwa kwenye zile boriti mbili zinazopita chini ya sakafu ya buti, kikaingia ndani kabisa. Bati la nyuma kazi yake ni kufunika. Alinieleza huku anakula biriani, akiwa amekaa kwenye kiti chetu.

Vijana walibeba tela kwa mikono. Bampa tulilirudishia kwa utepe wa dhahabu uliobaki wa kupambia gari la bibi harusi, tukafunga mafundo makubwa, na wageni waliochelewa wakadhani ndilo gari lenyewe la maharusi. Watatu walipiga nalo picha.

Jioni fundi wangu wa Tanga akapiga simu.

"Vipi bosi, chuma kimetoka?"

"Hakijatoka."

"Si nilikwambia!" Akacheka kwa furaha ya kweli, kisha akaniomba nimtafutie wateja hukohuko Muheza.