Tusiwaambie kinamama wa Jambiani kwamba sifongo haiugui

Kila mgeni anayefika Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, siku hizi huonyeshwa mashamba ya sifongo, zile za kuogea: kamba zinazoshikiliwa na maboya, na vipande vyeusi vilivyotungwa kama shanga. Kisha husimuliwa kisa kile kile, kwamba mwani ulishindwa na joto, kinamama wakahamia kwenye sifongo, na sifongo inastahimili joto, haiugui. Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha raha.

La mwani ni kweli tupu. Ulianza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989, ukasomesha watoto wengi. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata moto, kotonii, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, ikawa inapauka, inalegea na kukatika kambani. Mama mmoja ninayemwita shangazi aliniambia: "Maji yakipwa unakuta shamba jeupe, mwanangu. Unarudi nyumbani na kamba tupu." Leo huingia majini na miwani ya kuogelea, akisugua sifongo zake moja moja zisisongwe na majani ya bahari. Kuogelea kwenyewe alijifunza ukubwani.

Sasa nani kasema sifongo haiugui? Kalymnos, kisiwa cha Ugiriki, kiliishi kwa kuzamia sifongo vizazi kwa vizazi. Kuanzia mwaka 1986 ugonjwa ulienea katika bahari ya Mediterania, na katika miaka michache tu wazamiaji wakawa wanapanda juu mikono mitupu. Mwaka 1999, mwishoni mwa kiangazi, maji ya moto yalituama pwani ya Ufaransa na Italia, sifongo zikafa kwa wingi pamoja na viumbe wengine wa miambani. Mwaka 2022 ikawa zamu ya New Zealand, tena kule Fiordland kwenye maji ya baridi. Joto lilifika nyuzi 5 juu ya kawaida, na mamilioni ya sifongo yakageuka meupe.

Sifongo ni mnyama, ingawa wengi huidhani mmea. Hunyonya maji kwa vitundu vyake na kuchuja chakula humo, na mwilini mwake mmejaa bakteria. Katika baadhi ya aina, bakteria hao hufika theluthi ya uzito wake au zaidi, na wengi wao humlisha na kumkinga mwenyeji wao. Joto ndilo linalovunja ujirani huo. Watafiti wa Australia walichukua sifongo aina ya Rhopaloeides odorabile kutoka Great Barrier Reef, miamba ya matumbawe ya nchi hiyo. Kwenye maji ya nyuzi 31 ilikaa salama. Kwenye nyuzi 33, ndani ya siku chache bakteria wake walitoweka, bakteria wageni wakaingia, nyama ikaanza kuoza. Nyuzi mbili tu! Zile za Mediterania zilipougua zilianza kwa utando mweupe, kisha nyama ikabanduka, na nyuzinyuzi zilizobaki, zile tunazoogea, zikawa zinakatika zikibanwa.

Mashamba yetu yana jambo la kuyaogopea zaidi. Mkulima hupata mbegu kwa kukata sifongo moja vipande vingi, kwa hiyo kamba nzima inaweza kuwa mwili mmoja uliogawanywa. Joto litakaloshinda kipande kimoja litavishinda vyote. Nataka mbegu zitoke kwa wazazi wengi, hata kama baadhi wanakua polepole. Nataka kila shamba liwe na kipimajoto, kisomwe kila siku msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, na maji yakipanda kamba zihamishiwe kwenye mkondo karibu na mwamba, ambako maji hayatuami. Wanaowagawia kinamama mbegu ndio wanaopaswa kulipia vipimajoto hivyo, maana faida ya kutangaza mradi wanaipata wao pia.

Juzi nilimwuliza shangazi hufanya nini akiona kipande kimepata doa jeupe. Akasema hukikata na kukiachia kiende zake na maji. Nikamwomba kuanzia sasa akitie kwenye mfuko, aje nacho nchi kavu, akifukie mbali na pwani. Akanitazama kidogo, akauliza: "Kwani kinaambukiza?" Hakuna aliyewahi kumwambia.