Duara Si Kila Kisicho na Kona

Chati za maumbo zinazobandikwa kwenye kuta za madarasa ya awali zinawapotosha watoto wetu. Umbo lililorefuka kama sinia la pilau limeandikwa "duara". Chini yake gurudumu, nalo "duara". Mtoto huyo akija kufundishwa kwamba mzingo ni 22/7 mara kipenyo, atauliza kipenyo kipi, kirefu au kifupi? Ana haki ya kuuliza. Waliokosea ni waliochapa chati.

Duara limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu d-w-r, kuzunguka. Ndugu zake tunawatamka kila siku: duru ya pili ya uchaguzi, hata idara, kwa kuwa Waarabu husema kuendesha shughuli ni kuizungusha. Mabaharia wa pwani waliita duara ile mashine ya kuvutia nanga, kamba ikijizungusha kwenye gogo. Kila inapotumika, kuna kitovu kisichohama, na ukingo ulio mbali nacho kwa kipimo kilekile. Maana hiyo tuilinde.

Mviringo ni letu la Kibantu, kutokana na kuviringa, na limebeba mengi: chungwa, shina la mnazi, uso wa mtu. Haya, sokoni mtu akiita sinia refu mviringo sina ugomvi naye. Darasani ninao.

Umbo hilo refu lina jina lake: duaradufu. Dufu ni kitu kilichokosa ladha au thamani. Apollonius wa Perga, mwanahisabati Mgiriki wa miaka 2,200 hivi iliyopita, naye aliliita kwa Kigiriki jina lenye maana ya kupungukiwa. (Yai si duaradufu kamili, ncha yake moja ni butu kuliko nyingine.)

Maseremala hawachanganyi. Meza ya duara yenye kipenyo cha sentimita 100 inataka msumari mmoja na uzi wa sentimita 50. Duaradufu la 100 kwa 60 linataka misumari miwili iliyoachana sentimita 80, na uzi wa sentimita 100 kati yake, bila kuhesabu mafundo. Penseli inausukuma uzi ukiwa umekazwa, inazunguka. Uzi wa nailoni unavutika, ukingo unatoka na matumbo. Penseli ikilala, mstari unahama.

Walimu, fanyeni hivyo sakafuni kwa chaki, watoto wawili wakishika ncha za uzi. Kisha wasogezeni hadi ncha zikutane mahali pamoja, mchore tena: sasa ndilo duara.