Mizani Isiishie kwenye Chanjo ya Mwisho

Mtoto wa Nairobi hupimwa uzito mara nyingi zaidi kabla hajajua kutembea kuliko atakavyopimwa miaka yote ya shule ya msingi. Kila chanjo ina mizani yake. Nesi anaandika kilo kwenye kijitabu cha kliniki, anatia nukta kwenye mchoro, mama anaambiwa kama nukta imepanda au imelala. Halafu inafika sindano ya pili ya surua na rubela, mtoto akiwa na miezi 18, na kijitabu kinaingia kabatini pamoja na cheti cha kuzaliwa. Utaratibu unasema aendelee kufuatiliwa mpaka atimize miaka mitano, na apewe matone ya vitamini A kila miezi sita. Lakini wazazi tunajuana. Pasipo na sindano hakuna safari ya kliniki. Akirudi tena ni kwa homa au kikohozi.

Shida ninayotaka kuizungumzia, unene wa watoto, huanza hapo hasa, baada ya kijitabu kufungwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na 3 tu ndio wenye uzito uliozidi. Kwa hesabu hiyo huwezi kumlaumu afisa wa afya anayeelekeza macho yake yote kwenye udumavu. Sasa geuza ukurasa. Utafiti huohuo ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au ni wanene kupita kiasi; mwaka 2014 ilikuwa asilimia 33. Si watu walewale, najua, lakini kati ya ile 3 ya chekechea na hii 45 ya akina mama kuna miaka mingi ya shule, na miaka hiyo hakuna anayempima mtu.

Walipopimwa kweli, majibu yalionekana. Nairobi ilikuwa moja ya sehemu 12 duniani zilizoingia katika utafiti mkubwa wa watoto wa miaka 9 hadi 11, na matokeo ya Nairobi yalichapishwa mwaka 2014. Watoto 563 wa shule za umma na za binafsi. Mmoja kati ya kila watano alikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Waliokuwa wakitimiza saa moja ya kucheza na kukimbia kila siku, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, walikuwa asilimia 12.6 peke yake. Hayo ni ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, kabla pikipiki ya kuleta chipsi na kuku haijawa jambo la kila Ijumaa jioni.

Kuna watakaonijibu kwa ripoti ya UNICEF ya Septemba 2025, iliyosema kwamba duniani, miongoni mwa wenye miaka 5 hadi 19, wanene kupita kiasi sasa wamewazidi waliokonda kupita kiasi, isipokuwa Afrika kusini mwa Sahara na Asia Kusini. Basi sisi bado, watasema. Wastani wa bara zima haumwambii mtu wa Nairobi chochote. Hapa anayelala njaa kwenye mabanda ya Mukuru na anayeshindwa kupanda ngazi kwenye maghorofa ya wenye nacho Kileleshwa wanaandikwa katika kaunti moja, na mara nyingine mama mnene na mtoto aliyedumaa wanaishi chumba kimoja.

Tuanze na shule, maana ndiko mtoto anakoshinda.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi yaishe saa tisa na nusu, kisha hadi saa kumi na dakika 45 iwe michezo na shughuli za nje ya darasa. Ni saa moja na robo kila siku, iliyoandikwa kisheria. Mtoto wangu angekuwa anaipata hiyo, makala haya yasingekuwa na haja. Badala yake basi la shule hupiga honi kabla ya jua kuchomoza, kipindi cha mazoezi ya mwili (PE) kinaazimwa na mwalimu wa hisabati ambaye hakirudishi, jioni ni foleni ya Thika Road au Ngong Road, na usiku ni kazi ya ziada. Tunampangia mtoto ratiba ya karani kisha tunashangaa ana mwili wa karani.

Na angeruhusiwa kucheza, angecheza wapi? Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road waliandamana kwa sababu uwanja wao ulikuwa umezungushiwa ukuta na mnyakuzi, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Dunia nzima iliona picha. Uwanja ule ulirudi, lakini shule nyingi za mji huu hazikuwahi kuwa na uwanja wa kunyakuliwa. Zipo zilizofunguliwa ndani ya nyumba ya kuishi, uwanja ukawa pale magari yanapogeukia. Mzazi anapozunguka kutafuta shule, anauliza ada, wastani wa alama na usafiri. Mimi naomba aulize pia: watoto wanakimbilia wapi hapa?

Upande wa chakula, watu hukimbilia kumlaumu mama wa kibanda aliye langoni. Simlaumu. Anauza kinachonunuliwa, na kando ya smoki na mandazi ana mahindi ya kuchemsha, njugu na ndizi. Ninayemlaumu ni shule inayomfukuza huyo mama halafu yenyewe inafungua kantini ya soda, krispi na keki, faida ikaingia ofisini. Chile ilipiga marufuku mwaka 2016 kuuza shuleni vyakula vilivyobandikwa alama ya sukari, chumvi au mafuta mengi, na Mexico ikafuata na marufuku yake Machi 2025. Tunaweza. Chupa ya nusu lita ya soda ya kola ina gramu 50 na ushei za sukari, zaidi ya vijiko 12 vya chai. Kwa mtoto wa shule ya msingi hiyo tayari imepita kiwango cha siku nzima kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani.

Lakini kabla ya marufuku, maji. Hili ndilo jambo ambalo sisikii likisemwa. Mji huu unaishi kwa mgao wa maji. Kuna shule ambazo mfereji unatoa upepo kwa siku kadhaa, na tangi likijaa hakuna anayeamini maji yake. Mtoto mwenye kiu ya saa saba mchana na shilingi ishirini mfukoni atanunua juisi ya rangi, na ninyi na mimi tungefanya vivyo hivyo. Ukimwondolea juisi bila kumpa maji safi ya bure, umemwadhibu tu. Mfereji unaotoa maji ya kunywa uwanjani, pale watoto wanapopita, una maana kuliko mabango yote ya lishe bora yaliyobandikwa ukutani.

Kisha kuna Dishi na County, mpango wa chakula cha mchana ulioanzishwa na kaunti mwaka 2023, ambapo mtoto wa shule ya umma analipa shilingi tano na kugusisha bangili yake kwenye mashine. Ulianzishwa kupambana na njaa, na usiguswe kwa hilo. Ila mimi nauona pia kama kinga ya unene: aliyeshiba wali na maharagwe saa sita haendi langoni na pupa. Cha ajabu ni kwamba wenye hatari kubwa zaidi ya unene wako kwenye shule za binafsi, na huko chakula kinapangwa na mwenye shule kulingana na kile ambacho watoto hawatakilalamikia. Soseji na chipsi hazilalamikiwi.

Sasa kliniki. Macho yetu hayawezi kufanya kazi hii, ya mzazi wala ya daktari. Chukua mvulana wa miaka 10, urefu mita 1.38, uzito kilo 42. Gawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 22. Mtu mzima mwenye 22 yuko sawa kabisa. Mvulana wa miaka 10 mwenye 22 ameshavuka mstari wa unene wa kupindukia katika chati za Shirika la Afya Duniani, ambao kwa umri wake ni kama 21.4. Ukimtazama utasema tu kwamba anakula vizuri, na shangazi zake watakupongeza.

Tena uzito tayari unachukuliwa! Mtoto akiletwa na homa, anapandishwa kwenye mizani ili dawa ikadiriwe kwa kilo. Namba inaandikwa, dawa inatolewa, namba inasahauliwa. Kilichokosekana ni kijiti cha kupimia urefu na chati ukutani. Msichana wa miaka 10 anapata chanjo ya HPV, ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza nchini mwaka 2019. Pale pale angeweza kupimwa urefu na uzito, na kaka yake akaletwa siku hiyohiyo.

Ninachopinga ni mizani ya darasani. Mwalimu akiwapanga watoto mstari na kutaja kilo kwa sauti, kufikia mapumziko kuna mtoto amepewa jina la Kibonge litakalomfuata hadi sekondari. Mtoto anayechekwa haendi uwanjani, anajificha darasani na chakula chake. Vipimo vifanywe kituo cha afya, mlango ukiwa umefungwa, na shule ibaki na kazi yake ya maji, chakula na uwanja kwa watoto wote, wembamba kwa wanene.

Na mtoto mnene akishajulikana? Hapa ndipo huduma yetu inapoishia kwenye sentensi moja: "Mama, mpunguze chakula." Ushauri mbaya. Kwa watoto wengi wa umri wa shule ya msingi lengo si kushusha kilo, ni kuzisimamisha huku urefu ukipanda. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa mwongozo Januari 2023 unaotaka familia ipate angalau saa 26 za ana kwa ana na wataalamu, katika muda wa miezi mitatu hadi kumi na miwili. Mwongozo huohuo unaruhusu dawa kuanzia miaka 12 na kumpeleka mtoto akachunguzwe kwa upasuaji kuanzia 13 kwa wenye unene mkali, na ndiyo habari iliyovuma. Zile saa 26 hazikuvuma.

Saa hizo hapa kwetu zingekuwa na sura yake. Kwanza aliye chumba cha daktari mara nyingi si anayepika. Mama anapewa mawaidha saa nne asubuhi, na saa kumi na moja jioni dada wa kazi ndiye anayekaanga viazi kwa sababu mtoto amelia. Dada aitwe. Baba aitwe, yule anayeleta soda kama zawadi kila anaporudi. Nyanya pia, kama yuko. Wazungumze saa ya kulala, na simu inayoliwa pamoja na chakula, na jinsi ya kusema hapana bila vita.

Saa 26 ni saa moja kila Jumamosi kwa nusu mwaka. Familia nane au kumi pamoja, chini ya mtaalamu wa lishe wa kituo cha afya, na mhamasishaji wa afya ya jamii akiwatembelea nyumbani katikati ya juma. Serikali iliwazindua wahamasishaji 100,000 Septemba 2023, wengine wao wako mtaani kwako. Mfuko wa afya ya msingi ulio chini ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ndio unaolipia huduma za vituo hivyo. Nataka huduma hii iandikwe humo kwa jina lake, na bei yake, ili afisa wa kliniki anayepata ile 22 awe na karatasi ya kuandika na mlango wa kuelekeza.