Dishi moja, mwalo mzima: nani atangulie?

Chukua dishi la setilaiti lililofungwa kwenye mwalo (ufuko wanakotua wavuvi) wa Ukara au Maisome, visiwa vya Ziwa Victoria, likiuza Wi-Fi kwa kijiji kizima. Tuseme mwenye dishi analipia megabiti 20 kwa sekunde. Filamu yenye picha safi hula kama megabiti 5, kwa hiyo vijana wanne wakifungua filamu saa mbili usiku, dishi limejaa. Wakala anayetuma malipo ya dagaa kwenda Kirumba, soko la samaki Mwanza, kupitia programu ya simu, ujumbe wake ni kilobaiti chache tu, anabaki kutazama kiduara kikizunguka. Video ibanwe, au bando ni bando, aliyelipa atumie atakavyo?

Wanaotaka ibanwe wana hoja nzito. Setilaiti ya zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali kwenda na jibu kurudi huchukua kama nusu sekunde hata pasipo foleni. Foleni ikiongezeka, wanaoongea kwa sauti wanakatizana na muamala unakatika katikati. Halafu kuna mvua. Dhoruba za usiku juu ya Ziwa Victoria ni maarufu kwa radi, na mawimbi ya redio yanayotumiwa na setilaiti hizi, masafa yaitwayo Ku na Ka, hasa Ka, hufifishwa na mvua kubwa. Mitambo ya kisasa hupunguza kasi ili mawasiliano yasikatike, yaani kinachogawanywa chenyewe kinapungua.

Wanaopinga nao wasipuuzwe. Nani kasema video ni anasa? Mwanafunzi wa kidato cha nne anayetazama somo la fizikia anabanwa na kanuni ileile. Isitoshe, data nyingi siku hizi zimefichwa kwa usimbaji, ruta (kifaa kinachogawa intaneti) inakisia tu kilichomo. Na mwenye dishi akipewa ruhusa ya kuchagua, kesho atapendelea anayemlipa zaidi (mimi hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote).

Wengine wanasema setilaiti za karibu, zinazozunguka kama kilomita 550 juu, zimemaliza ubishi. Zimepunguza ucheleweshaji, kweli. Lakini Novemba 2024 Starlink, kampuni yenye setilaiti za aina hiyo, ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa. Kugawana kuko palepale.

Kwa maoni yangu, ruta isiulize mtu anatazama nini. Foleni ikianza, igawe kwa kichwa: watumiaji 20, kila mmoja megabiti 1, na vipande vidogo vya data vitangulie kwa kuwa havimpunguzii mtu kitu. Filamu haitazimika, itashuka ubora wa picha. Saa nne asubuhi dishi likiwa tupu, kila mtu avute atakavyo. Na kanuni hiyo ibandikwe dukani, pembeni ya bei ya vocha, ili mteja aijue kabla hajatoa hela.