"Ongeza sekunde" si tiba ya kompyuta isiyowaka

Wiki iliyopita nilipanda daladala hadi Igombe, Mwanza, nikiwa na laptopu, kebo ya siriali (ya kusomea ujumbe wa kompyuta inapowaka) na hasira. Kisanduku chetu cha kupima baridi, kompyuta ndogo ya Linux, kwenye chumba cha barafu pale mwaloni kilikuwa hakiwaki tangu tukiwekee kerneli mpya (kiini cha Linux), na fundi mwenzangu alishatoa dawa kwa simu kabla hajakiona: "Weka rootdelay=10. Ikigoma, weka 30." Yaani isubiri sekunde kumi, au thelathini, kabla ya kuufungua mfumo wake wa mafaili. Wakati huo mama mwenye chumba amerudi kwenye daftari lake. Kila baada ya saa mbili anaingia na kipimajoto cha mkono, anaandika namba kwa kalamu ya bluu, maana mnunuzi wa sangara anataka kuona baridi ya usiku kucha ilikuwaje, na usiku kucha aliyekuwa macho ni yeye peke yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiki kidude kimeshakufa?"

"Hakijafa mama. Kuna kitu kinakisubirisha."

Nikachomeka kebo, nikaweka kasi ya 115200, nikawasha. Mistari ikateremka, ikakomea hapa:

Waiting for root device /dev/mmcblk0p2...

Kimya. Hakuna panic (kerneli kukata tamaa), hakuna mstari unaosema nani kakosea nini. Tulikuwa tumeweka rootwait, agizo la kusubiri bila kikomo, kwa hiyo ingekaa hapo hadi mtu achomoe waya.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaotibu kila ugonjwa wa kuwaka kwa kuongeza sekunde. Kadi ya kumbukumbu yenye mfumo wa mafaili, ile mmcblk0, haikuwa imechelewa. Draiva ya MMC, programu inayoiendesha kadi, iliamka mapema tu, ikaomba umeme wa kadi, vmmc, kutoka kwa regyuleta (kidhibiti volti) iliyotajwa kwenye DTS, faili linaloeleza vifaa vya bodi. Regyuleta hiyo imo ndani ya PMIC, chipu inayosimamia umeme wa bodi, na PMIC inafikiwa kwa I2C, waya mbili za kuongelea na chipu. Draiva ya PMIC haikuwepo bado, basi MMC ikajibiwa -517, EPROBE_DEFER, yaani "jaribu baadaye", ikawekwa kwenye foleni ya wanaosubiri. Hakuna ubaya hapo. Kila draiva nyingine inapofanikiwa kushika kifaa chake, kerneli huipitia foleni hiyo upya na kuwajaribu tena wote waliomo. Ubaya ni kwamba safari hii mmoja wetu alikuwa amebadilisha draiva ya PMIC na ya I2C kutoka y (ndani ya kerneli) kuwa m (faili la pembeni) ili kerneli ipungue uzito. Zikawa moduli. Na moduli inakaa wapi? Kwenye /lib/modules, ndani ya kadi ile ile inayosubiri umeme. Initramfs, mfumo mdogo wa mafaili unaopakiwa pamoja na kerneli, hatutumii.

Waliowahi kukaa foleni ya Kigongo kabla ya daraja watanielewa. Ni kama abiria mnasubiri nahodha aje kuendesha kivuko, naye nahodha yuko ng'ambo ya Busisi anasubiri kivuko hicho hicho kimvushe. Hapo ukimwambia abiria avumilie dakika kumi zaidi umemsaidia nini? Ukiweka rootdelay=10 itasubiri sekunde kumi. Ukiiambia isubiri saa kumi, itasubiri saa kumi, na sangara wataoza kwa utulivu.

Kinachouma zaidi ni hiki. Nilichukua mita nikapima pini ya umeme ya kadi: volti 3.3, safi kabisa. Kadi ilikuwa na umeme muda wote! U-Boot, programu inayotangulia kerneli, ndiyo iliyousoma mzigo wa kerneli kutoka kwenye kadi hiyo hiyo, hivyo isingekuwa na umeme hata mstari mmoja tusingeuona. Ila kerneli haikubali umeme wa kusikia. DTS imesema huyu anategemea yule, na mpaka yule asimame na kujitambulisha, huyu haanzi kazi. Mimi naona iko sahihi. Lakini mtu asiyejua hilo atailaumu kadi, na kweli kabla sijafika zilikuwa zimeshanunuliwa kadi mbili mpya, kwa hela ya mama yule.

Mtauliza, mbona ofisini kiliwaka? Kiliwaka kwa sababu mezani kwetu hapa mjini tunawasha kwa waya wa mtandao, mfumo wa mafaili ukitoka kwenye laptopu kwa NFS, njia ya kusoma mafaili kupitia mtandao. Moduli ya PMIC inapakiwa kutoka kwenye laptopu, regyuleta inajitambulisha, MMC inatoka kwenye foleni, kadi inaonekana. Vipimo vyote vikapita. Tulijaribu kila njia isipokuwa ile moja ambayo kisanduku kinaitumia Igombe, na kosa hilo ni la timu nzima, mimi nikiwemo.

Kuliona tatizo wala hakuhitaji uchawi. Nilitoa quiet kwenye mstari wa kuwashia, nikaweka ignore_loglevel na initcall_debug ili kerneli iseme kila inachofanya, na mara ile namba 517 ikajitokeza karibu na jina la MMC. Kisha nikawasha na initramfs ndogo ya busybox kutoka kwenye flashi, nikapachika debugfs (mafaili ya uchunguzi ya kerneli), nikasoma /sys/kernel/debug/devices_deferred. Mstari mmoja tu: jina la MMC, na pembeni yake kile inachokisubiri. Dakika tano. Faili hilo lipo pale linakusubiri, halafu mtu anakaa siku nne anabahatisha sekunde.

Haya, nakubali kwa shingo upande kwamba diski ya USB huchelewa kweli kuonekana, na huko kusubiri kuna maana. Hata huko rootwait inafaa kuliko rootdelay, kwani inaondoka pale tu diski inapotokea. Na walio na wasiwasi kwamba mmcblk0 kesho inaweza kuamka ikiwa mmcblk1, watumie PARTUUID, kitambulisho cha kudumu cha kila sehemu ya diski, wasibishane na namba.

Zamani walau tulikuwa na kisingizio. Kabla ya toleo la 3.4 la mwaka 2012, utaratibu huu wa kuahirisha haukuwepo. Draiva zilipangwa kwa ngazi za initcall, yaani hatua za kuwaka, na ndani ya ngazi moja zikafuatana jinsi zilivyounganishwa, yaani jinsi zilivyoandikwa kwenye Makefile, faili la kuikusanyia kerneli. Watu wakawa wanazipandisha draiva zao hadi subsys_initcall, ngazi ya mapema, ili ziwatangulie wengine, na kila bodi mpya ikivuruga mpangilio wa bodi ya jana. Ndiyo maana EPROBE_DEFER ikaja, na baadaye fw_devlink, ambayo inausoma utegemezi moja kwa moja kutoka kwenye DTS, na tangu 5.13 ya mwaka 2021 huwashwa bila kuombwa. Kazi ya miaka yote hiyo imefanywa ili tuseme wazi nani anamtegemea nani. Mtu anayetupia sekunde thelathini anaikanyaga kazi hiyo yote, na anamwachia fundi wa kesho fumbo lile lile likiwa limefunikwa zaidi.

Kuna bodi nyingine iliwahi kunihangaisha kwa upande wa pili wa jambo hili: inawaka vizuri, halafu kama nusu dakika baadaye kioo kinazima. Regyuleta ya kioo haikuwa na mtu aliyeidai kwenye DTS, na kerneli, sekunde 30 baada ya kuwaka, huzizima zile zisizodaiwa na mtu. Mstari mmoja wa supply ulitosha.

Pale Igombe nilirudisha PMIC na draiva ya I2C kuwa y, nikaikusanya kerneli upya pale pale kwenye kreti la samaki, betri ya laptopu ikiisha. Nikaandika maoni juu ya mistari hiyo miwili kwa Kiswahili kinachoeleweka: usiguse kabla hujawasha kutoka kwenye kadi. Kadi ikarudi kwenye kisanduku. Kikawaka.

Mama hakukitazama. Alichukua kipimajoto chake, akaingia chumbani, akafunga mlango, akatoka. Chake 1.5, kisanduku 1.4. Akafungua daftari, akachora mstari katikati ya ukurasa.

"Nitaandika zote mbili," akasema, "mpaka Jumapili."