Usinipangie Pomboo wa Saa Moja na Nusu

Juzi binti wa mjomba wangu alinitumia ratiba ya safari yao ya Unguja ili niipitie. Wako watu saba, wana siku nne, na wameniomba ushauri kwa kuwa mimi huvuka kwenda kule kila nipatapo nafasi. Siku ya pili wameiandika hivi: saa moja na nusu pomboo Kizimkazi, saa nne kima punju Jozani, saa sita kobe Changuu, saa nane chakula hotelini, saa kumi shamba la viungo. Niliisoma mara mbili nikaiweka simu chini. Tangu siku hiyo sijapoa. Simlaumu yeye, maana ratiba hii inazunguka kwa watu wote, na mimi mwenyewe niliwahi kuifuata.

Niwaambie nilichokiona siku nilipoifuata.

Ilikuwa Februari, bahari imelala kabisa. Tulipofika wanakokaa pomboo tulikuta boti nyingine zimeshatangulia. Nilihesabu kumi na moja, nikaacha kuhesabu. Pezi likichomoza tu, mashine zote zinanguruma kwa pamoja, kila nahodha anakimbilia palepale, kisha unasikia "Rukeni! Rukeni!" na watu wenye miwani ya kuzamia wanajirusha karibu juu ya migongo ya wanyama. Pomboo wanazama. Wanaibuka mbele kidogo, tunawafuata tena. Mara ya nne niliona mama na mtoto, mtoto kambana ubavuni. Boti mbili ziliwakata mbele na moja ikawa nyuma yao. Mama akazama. Mtoto akachelewa juu, akageukia huku, akageukia kule, ndipo naye akazama. Ni sekunde mbili tatu hivi. Ndani ya boti yetu watu walipiga makofi, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Wakati wa kurudi nilimuuliza nahodha kama ni lazima iwe vile. Alikuwa kijana mpole, wala hakukasirika. Akaniambia, "Dada, dereva wenu keshapiga simu mara mbili, anasema mnatakiwa Jozani saa nne. Mimi nikiwangojea hawa wapumzike, nyinyi mtaondoka hamjawaona, na kesho sitaletewa mgeni."

Jibu hilo ndilo linalonifanya niandike leo. Tumezoea kumlaumu nahodha, tukisema hana huruma, hana elimu, anataka hela tu. Lakini yule mnyama tulikuwa tumeshaanza kumfukuza sisi, wiki tatu kabla, tulipokaa sebuleni Dar tukamwandikia saa yake ya kuonekana. Ukishampa pomboo saa yake, umempa nahodha kazi ya kumtoa ndani ya saa hiyo, na bahari haina njia ya upole ya kuifanya kazi hiyo. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa Kizimkazi waliona kwamba boti zikiwazonga, muda wao wa kupumzika na kula unapungua na muda wa kuogelea kukimbia unaongezeka. Mnyama asiyepumzika na asiyekula vizuri atamnyonyeshaje mtoto?

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba utalii huohuo ndio uliowaokoa. Kabla ya hapo wavuvi wa Kizimkazi walikuwa wakiwawinda pomboo kwa ajili ya chambo cha papa, na uwindaji ule ulikoma miaka ya 1990, watu walipoona mnyama aliye hai analipa kuliko aliyekatwakatwa. Ghuba nzima ya Menai ikafanywa eneo la hifadhi mwaka 1997. Siwezi kulipinga hilo, na anayeniambia tuache kabisa kwenda Kizimkazi simuungi mkono. Lakini kumtoa mnyama kwenye ndoana na kumpeleka kwenye mbio za kila asubuhi bado si kumtendea haki.

Basi safari ya kisiwani ipangwe vipi? Mimi naanza na mwezi. Kabla ya kuangalia hoteli, angalia mwezi mwandamo ni lini na mwezi mpevu ni lini, kwa sababu hapo ndipo bamvua. Wakati wa bamvua maji ya Unguja hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na hujaa sana jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa inakaribia mita nne. Pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, bahari inaondoka mbele yako mpaka unaiona kama mstari mweupe kwenye mwamba. Nimewaona wageni wakilalamika mapokezi kwamba wameuziwa ufukwe usio na maji. Hakuna aliyewaambia kuwa asubuhi hiyo, kama wangevaa viatu vya kukanyagia mawe na kushuka, wangeona vitu ambavyo hakuna boti ingewaonyesha. Anayetaka kuogelea tu asubuhi hadi jioni, aende wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haipwi wala haijai sana, au akae Nungwi na Kendwa ambako maji hayaendi mbali.

Baada ya mwezi, upepo. Kusi, ule upepo wa kusini, likipamba moto usijidanganye na safari za mitumbwi midogo, na masika ni masika. Anayetaka papa potwe asiwatafute Unguja, aende kisiwa cha Mafia kati ya Oktoba na Machi, wanakuja kula karibu kabisa na mji wa Kilindoni. Anayetaka popo wa Pemba, wale wakubwa ambao hawapatikani kwingine kokote duniani, aende Pemba, akae siku tatu, aingie na msitu wa Ngezi. Kisiwa kimoja hakiwezi kukupa kila kitu ndani ya siku nne, na wala hakikuumbwa kwa kazi hiyo.

Hii ya Changuu saa sita sitaijadili sana. Kizimkazi iko ncha ya kusini na Changuu ni kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe. Mchana wote utakuwa ndani ya gari. Wale kobe wako pale tangu walipoletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Watakusubiri hadi kesho.

Kima wa msitu wa Jozani nao wanastahili zaidi ya dakika arobaini. Kima punju asili yake ni Unguja tu. Ukikaa kimya chini ya mti kwa saa nzima utawaona wakivunja majani machanga, mdogo akimng'ang'ania mama tumboni, na ukibahatika utamwona mmoja kashika kipande cha mkaa anakitafuna taratibu. Wanakula mkaa kwa sababu majani ya mkungu na ya mwembe yana vitu vinavyochafua tumbo, na mkaa unavisafisha. Nililiona hilo mara ya tatu nilipokwenda, si ya kwanza. Mara ya kwanza nilipiga picha kumi na mbili nikarudi garini. Na tafadhali, ndizi yako kaa nayo mwenyewe.

Sasa chakula. Kwenye ratiba ile "chakula hotelini" kimeandikwa siku zote nne, kana kwamba kula ni kujaza mafuta ya gari. Mwaka juzi Jambiani nilifikia kwa familia moja, na asubuhi ya bamvua nilimwomba mama wa nyumba nimfuate mwambani. Alikuwa na fimbo yenye ncha ya chuma na ndoo. Tulitembea karibu saa nzima. Mimi nilikuwa naona mawe tu. Yeye alisimama akaninyooshea kidole: mbele ya tundu moja dogo kulikuwa na vipande vya maganda ya kaa vimerundikwa. "Huyu kala jana usiku," akasema, "kamwaga taka mlangoni." Akaingiza fimbo, akangoja, akaivuta, na mkono wa kwanza wa pweza ukajizungusha kwenye kifundo chake. Ngozi ilikuwa kahawia, ikawa nyekundu, ikapauka huku naiangalia. Wadogo aliwaacha. Aliniambia kuna vijiji vinafunga kabisa sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na wakifungua, mavuno yanakuwa mengine.

Saa tano tulikuwa tumesharudi, maji yanajaa nyuma yetu. Pweza akapigwa juu ya jiwe mpaka akalainika, akachemshwa kwa maji yake mwenyewe, likafuata tui, ndimu, bizari na pilipili mbuzi nzima bila kupasuliwa. Tulikula na mkate wa kumimina wa jana yake. Nimekula pweza hotelini mara nyingi. Sikumbuki hata mmoja.

Naelewa si kila mtu ana ruhusa ndefu kazini. Siku nne ni siku nne, na watoto wakirudi shule hapana mjadala. Lakini uchache wa siku ni sababu ya kuchagua vitu viwili, si ya kubeba kumi. Kizimkazi peke yake inatosha siku nzima. Pale Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye kibla chenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na magari ya wageni yanapita mlangoni mwake kila asubuhi yakikimbilia boti.

Nilirudi Kizimkazi mwaka jana. Nilikodi boti na rafiki zangu wawili, tukamwambia nahodha tuna mpaka adhuhuri, hatuna pa kwenda, na hatuingii majini. Alituangalia kidogo, akatoka nje zaidi, akazima mashine. Tulikaa kama saa nzima na nusu tukila machungwa. Kisha tukawasikia kabla ya kuwaona: pumzi, fuu, halafu nyingine. Walipita sita, mbali kidogo, hawana haraka, wakazama na kuibuka mara tano au sita, wakaenda zao.

Ratiba ya mdogo wangu nimeirudisha. Siku ya pili nimefuta kila kitu nikaandika "Kizimkazi", bila saa. Akaniuliza, "Sasa dada, na tusipowaona?" Nimemjibu kwamba basi watakuwa wameuona msikiti na wamekula changu wa kupaka, na pomboo watakuwa wamelala.