Petunia ya kutambaa: mbegu au vipandikizi?

Anayetaka kutoa aina mpya ya petunia ya kutambaa, ile inayomwagika kutoka kwenye kikapu cha barazani badala ya kusimama wima, ana uamuzi wa kufanya kabla hata hajafikiria rangi: mmea wake utauzwa kama mbegu, au utaendelezwa kwa vipandikizi, yaani vipande vya shina vinavyooteshwa mizizi? Wengi hulichukulia hilo kama suala la kitaalamu la huko vitaluni. Mimi naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote, maana ndilo linaloamua nani ataweza kuotesha ua hilo na nani atabaki kulinunua kila msimu.

Njia zote mbili zilithibitishwa na Wajapani, tena na kampuni za vinywaji. Mwaka 1989 Suntory ilitoa Surfinia, ambayo huendelezwa kwa vipandikizi. Kisha ikaja Purple Wave, iliyozalishwa na watengenezaji wa bia wa Kirin, nayo huoteshwa kwa mbegu. Mwaka 1995 ilitwaa tuzo ya All-America Selections, ya aina mpya bora za bustani, huko Marekani. Purple Wave hunyanyuka sentimita 15 hivi tu, lakini hutambaa hadi kupita mita moja.

Wanaotetea vipandikizi wana hoja nzito. Petunia ya bustanini ni chotara wa petunia za porini za Amerika Kusini: axillaris, nyeupe, inayonukia usiku na kuchavushwa na nondo, na integrifolia ya zambarau, inayotembelewa na nyuki. Damu hiyo mchanganyiko ikioteshwa kwa mbegu hutawanyika. Katika miche elfu moja, mmoja utatambaa vizuri, mwingine utasimama kama mchicha. Anayefuata vipandikizi akishauona ule mmoja, anaukata na kuuotesha, na kila mche utakaotoka hapo utafanana na mama yake. Kwa anayetaka mbegu, hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Lazima auchavushe mmea kwa chavua yake wenyewe vizazi kadhaa ili utulie, yaani uzae miche inayofanana nao, na kila kizazi mimea hudhoofika, mingine ikigoma kabisa kuzaa. Mwishowe anatakiwa kutunza mistari miwili ya wazazi, yaani koo mbili zilizokwisha kutulia, na kuwakutanisha kwa mkono kila msimu.

Kukutanisha huko ni kazi ya vidole. Tumba hufunguliwa kabla ya ua kuchanua, vifuko vitano vya chavua vinang'olewa kwa kikoleo, chavua ya mzazi wa pili inapakwa kwenye stigma, sehemu ya kike ya ua inayopokea chavua, kisha kikaratasi cha kumbukumbu kinafungwa kwenye kikonyo. Baada ya mwezi hivi kifuko cha mbegu hugeuka kahawia, na ukichelewa kukivuna kinapasuka na kila kitu kinaishia chini. Gramu moja ina mbegu zipatazo 9,000 hadi 10,000. Ndiyo maana mbegu chotara ya petunia ni ghali, na silaumu anayeikwepa.

Tena vipandikizi vimeleta ajira kwetu. Kenya, Uganda na Ethiopia zina mashamba yanayokata vichipukizi visivyo na mizizi na kuvisafirisha kwa ndege hadi Ulaya wakati wa baridi, ili vitalu vya huko vivioteshe kabla ya majira ya kuchipua. Maelfu ya familia hula kwa kazi hiyo, wengi wakiwa wanawake. Sitaki hoja yangu isomwe kama dharau kwa mikono hiyo.

Lakini kipandikizi hubeba na ugonjwa wa mama. Petunia ni ukoo mmoja na kiazi mviringo, nyanya na tumbaku, na virusi vya batobato la tumbaku huhamia kwenye mmea kwa kisu au kwa kidole kilichoshika sigara. Ndiyo sababu mashamba haya yana ndoo za dawa mlangoni na masharti makali ya kunawa. Mwaka 2003 bakteria wa mnyauko walikutwa Marekani kwenye jeraniamu zilizotokana na vipandikizi vya Kenya, na hofu ikawa juu ya mashamba ya viazi. Mimea mingi sana iliteketezwa. Mbegu nayo si safi moja kwa moja, ila hatari yake ni ndogo kwa mbali.

Kuna pia suala la haki. Kenya na Tanzania zote zimeingia kwenye mkataba wa UPOV wa 1991, ule wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, unaompa mgunduzi wa aina iliyosajiliwa ulinzi wa miaka isiyopungua 20. Kukata tawi kwa matumizi yako binafsi yasiyo ya biashara kunaruhusiwa. Muuza miche wa kando ya barabara akifanya hivyo kwa aina iliyosajiliwa nchini mwake, anavunja sheria. Hata hivyo mkataba huohuo unamruhusu yeyote kutumia aina iliyolindwa kama mzazi wa kuzalisha aina nyingine, na mlango huo sisi hatujautumia vya kutosha.

Sababu inayonivuta zaidi kwenye mbegu ni mwanga. Petunia hupenda siku ndefu, yaani zenye mchana mrefu, na nyingi za kutambaa hudai hivyo zaidi kuliko zile za wima. Purple Wave huchelewa sana kuchanua siku ikiwa fupi. Karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kwa shamba la vipandikizi hiyo ni neema, kwa kuwa mmea mama hubaki ukitoa majani na vichipukizi bila kuhangaika na maua. Kwa mama wa Arusha au Limuru mwenye kikapu barazani ni hasara: anapata kamba ndefu za kijani na maua ya kuhesabu.

Kasoro hiyo haitaondolewa na anayechagua miche yake kwa ajili ya roshani za Uholanzi, ambako jioni ya Juni haina mwisho. Itaondolewa na mtu anayeotesha kundi kubwa la miche chini ya saa zetu 12, akabakiza inayochanua mapema na ambayo maua yake hayageuki uji mvua ya masika ikinyesha, akaichanganya tena yenyewe kwa yenyewe. Anaweza kuanza bila mistari ya wazazi, kwa mbegu za kuchavuka huria, bila mkono wa mtu; rangi zitachanganyika kidogo, na mnunuzi wa kikapu cha nyumbani hatajali. Ikitokea humo petunia yenye maua ya tabaka, au chotara kati ya petunia na kalibrakoa, ua dogo la jamii yake, ambaye kwa kawaida hazai, vipandikizi vitumike. Kwa mengine yote, ningeanza na mbegu, na ningetaka vyuo vyetu vya kilimo vianze nazo.